Mtani Aliyeteka Picha Yangu

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kwa sababu nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Nakuhadithia wewe, mwanangu, kwa kuwa juzi nilikuona ukipanga picha zako za kuombea shahada ya uzamili ya uchoraji. Zote zimependeza, ila hakuna hata moja iliyonifanya nikuulize, "Huyu nani?" Usininunie. Kaa unisikilize.

Nilikuwa msichana, nimemaliza chuo cha sanaa, nimepanga chumba Kariakoo, upande wa kwendea Mchafukoge. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na rangi za mafuta ndiyo usiseme. Nilichora juu ya kitambaa cha marekani nilichokiwamba kwenye fremu ya mbao. Ilitokea nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea uchoraji zaidi, na waombaji tulitakiwa kupeleka picha za watu. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuolewa. Mama yangu alilijua hilo na wala halikumfurahisha.

Basi nikachora. Mkulima na jembe, kifua mbele, anatazama mbali. Mfanyakazi na nyundo, kifua mbele, anatazama mbali. Mama na mtoto mgongoni, naye anatazama mbali. Sijui wote walikuwa wanatazama nini huko! Mabango ya siku zile ndivyo yalivyokuwa, na mimi nilidhani ndiyo uchoraji wenyewe.

Chumba cha mkabala na changu alikaa Mama Adelina, Mhehe wa Iringa, mjane mwenye mdomo kwelikweli. Mimi Mngoni wa Songea, kwa hiyo tulikuwa watani, na wakati ule utani haukuwa maneno matupu. Mtani aliweza kuingia kwako, akachukua kitu, akasema amekiteka, na wewe ukikasirika ndiye unayeonekana huna adabu. Asubuhi moja, siku chache kabla ya kupeleka picha, aliingia, akazitazama moja moja, akamnyanyua yule mkulima. Ndiyo picha niliyoitegemea kuliko zote.

"Huyu nimemteka," akasema.

"Jamani, Mama Adelina! Hiyo ndiyo inayonipeleka ng'ambo!"

"Wee Mngoni, huyu hajawahi kushika jembe. Hebu mtazame miguu, laini kama ya mtoto mchanga. Nichore mimi. Siku nitakayojiona, utampata mateka wako."

Akaondoka naye kwapani. Nilikwenda kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia kesi ya watani yeye haisikilizi.

Ningefanya nini? Nikamfuata uani na karatasi na kipande cha mkaa. Unadhani alitulia nimchore? Thubutu! Mara anachambua mchele, mara anawakemea kuku, mara ananitukania ukoo wangu mzima. Nikimwonyesha nilichochora, anasema, "Huyo dada yangu." Nachora tena. "Huyo sasa simjui kabisa." Nililia mbele yake kwa hasira, naye akaendelea na mchele wake.

Nilipochoka kulia ndipo nikamtazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa kusimama kwenye foleni ya duka la ushirika. Kwa hiyo alikaa kwa nyonga ya kushoto, mkono umeegemea chini, bega limepanda, kichwa kimelala upande kama anayemsikiliza mtu ili amjibu. Nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi na sikuwahi kuliona hilo. Nikaanza na ile nyonga. Uso nikauacha mwisho.

Nilipomwekea ile picha ikiwa na rangi, aliinama akaitazama mpaka akasahau kunitukana. Mhehe kasahau kumtukana Mngoni! Akaivuta kanga yake begani.

"Kumbe nimechoka hivi," akasema polepole.

Alikwenda ndani akaniletea mkulima wangu. Nikamwambia abaki naye. Picha niliyoipeleka ni yake yeye Mama Adelina.

Nafasi niliipata. Sikwambii ni kwa sababu ya picha ile, maana sikuwepo walipochagua. Huko nilifundishwa mifupa, misuli na kuchanganya rangi, na ninawashukuru. Picha ya Mama Adelina ilibaki hukohuko chuoni.

Nimesharudi, miaka imepita, Mama Adelina akafariki. Hakuwa na picha nyingine yoyote. Ukutani kwake alikuwepo yule mkulima tu, bado anatazama mbali. Msibani sisi watani tuna kazi yetu: kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Nikajifunga kanga yake, nikakaa chini pale uani. Nyonga ya kushoto, bega juu, kichwa upande. Kicheko kilianza, halafu kikakatika. Binti yake, Adelina mwenyewe, akaja akanilalia mapajani, akaita, "Mama." Nami nikawakemea kuku kama alivyokuwa akiwakemea, watu wakacheka huku wanalia. Nilimlilia kweli siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujazifunga picha zako, tafuta mtu mmoja aliye karibu nawe, umtazame mpaka uweze kukaa anavyokaa. Usimpendezeshe. Muulize kama ni yeye, na akikataa usimbishie, chora tena. Chuo wakikukubali, nenda ukasome kwa bidii. Wakikukataa, mtu wako bado yupo uani na macho yako bado unayo.

Mungu akupe macho yasiyochoka haraka, akupe na mtani mkorofi wa kukuambia ukweli. Haya, leta huo mkaa. Anza na mimi, goti hili linaniuma, utaona ninavyokaa.