Kodi ya Mwana wa Gati

Gati alizaa mabinti watatu, na mumewe Nyangwine akafa kabla hajapata wa kiume. Pale Nyamwaga, mjane wa namna hiyo alikuwa anakalia kiti cha kuazima. Shemeji yake Ryoba alipita zizini kwake kila jioni, akawatazama ng'ombe mmoja mmoja, kisha akaondoka bila kusalimu. Gati aliyajua macho yale ya mrithi. Alilala nayo.

Lakini Wakurya wana njia yao. Mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea mahari msichana kwa ajili ya mwana ambaye hakumzaa. Msichana anakuja kuwa mkwe, na watoto atakaowapata, baba yao awe nani, ni watoto wa mwana yule asiyekuwapo. Nyumba hiyo huitwa nyumba ntobhu. Gati akachukua ng'ombe aliopata kwa kumwoza binti yake wa mwisho, akavuka nao mpaka hadi Kenya, akamleta Nyangi. Hapa karibu hakupata mkwe, maana kila mzazi aliogopa mdomo wa Ryoba.

Mwana yule asiyekuwapo akapewa jina, Mogesi. Wazee walikula nyama, wakanywa pombe ya wimbi, na mzee Filemoni akambariki Mogesi kana kwamba ameketi pale katikati yao. Ryoba naye alikula. Alirudia mara mbili.

Nyangi akajifungua mtoto wa kiume, Tomaso. Gati akaanza kupata usingizi.

Mwaka 1954 akaja karani mpya wa kodi, kijana aitwaye Hezekia, mtu wa mbali, asiyejua neno la Kikurya. Siku hizo kila mwanamume mzima alilipa kodi ya kichwa. Mjane hakudaiwa. Ila karani alikwisha sikia kwamba kwa Gati kuna mwanamke wa kutoka Kenya, akamwita barazani.

"Yule mgeni ni nani wako?"

"Mkwe wangu. Mke wa mwanangu."

"Mwanao anaitwa nani?"

Gati aliona hatari, lakini hakuona pa kupitia. Jina lilikwisha tajwa mbele ya wazee. Kulikana hadharani ni kuivunja ndoa, na Tomaso angebaki mtoto asiye na baba.

"Mogesi," akasema.

"Yuko wapi?"

Watu wakaanza kukohoa. Ryoba, aliyekuwa amesimama nyuma, akapaza sauti: "Mogesi? Yuko Kenya huyo, kwa wakwe zake. Anakula tu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hezekia akacheka pamoja nao, akidhani wanamteta mwanamume mvivu, akaliandika jina.

Mwaka uliofuata alirudi na askari wa baraza.

"Mogesi hajalipa. Mtu aliyeoa Kenya na kukaa huko alete risiti ya kodi ya huko. Kama hana, analipa hapa."

"Mwanangu," Gati akamwambia, "risiti haiwezi kupatikana. Mogesi hakuzaliwa."

"Hakuzaliwa! Na mke wake huyu hapa? Na mtoto wake huyu hapa? Mama, unaniona mimi punguani?"

"Ana miguu mirefu huyo Mogesi," mtu mmoja akadakia. "Kavuka mpaka kabla ya kuzaliwa!"

Wakacheka tena. Askari wakaingia zizini wakamtoa ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa. Ndama wake alilia hadi sauti ikakauka.

Gati alikwenda kwa mzee Filemoni, aliyeibariki ndoa ile.

"Shikamoo, baba. Njoo umweleze karani desturi yetu. Wewe atakusikiliza."

"Marahaba. Nimweleze, halafu?" Filemoni alikuwa anachokonoa meno. "Ataandika kwamba Nyangi hana mume. Mwanamke wa Kenya asiye na mume hapa atarudishwa kwao, na mtoto mgongoni. Ndicho unachotaka? Lipa, mama. Ulitaka mwana, na mwana ana gharama." Akacheka peke yake, akafurahia maneno yake.

Gati akalipa mwaka hadi mwaka, ng'ombe baada ya ng'ombe. Ilipofika 1958, zizini alikuwa amebaki mtamba mmoja. Tomaso alikuwa anakunywa uji mtupu, tumbo limetangulia mbele, miguu kama fito. Nyangi aliacha kuzungumza jioni. Alikuwa anakaa mlangoni, akiutazama moshi wa nyumbani kwa Ryoba, ambako watoto walikuwa wanakunywa maziwa.

Siku ya kodi Ryoba hakusimama nyuma tena. Alikaa benchi ya mbele, amevaa koti.

"Karani, tusisumbuane," alisema. "Mwulize shemeji yangu kama ana mwana au hana. Akisema hana, huyu mwanamke mwandike mke wangu, na mtoto wake wangu, na kodi yao juu yangu. Mimi sipendi mtu arudishwe Kenya. Mimi ni mtu wa huruma."

Hezekia akamgeukia Gati. "Umesikia. Ukisema unaye, na risiti hakuna, leo unalala mahabusu kwa kumficha. Haya, una mwana?"

Gati aliwatazama wazee. Wale walionyonya mifupa ya harusi ya Mogesi walikuwa wote wameinama, wanatazama vidole vya miguu yao. Hata Filemoni. Akamtazama Nyangi.

"Mama, sema tu," Nyangi akamwambia polepole. "Mtoto anataka maziwa."

"Sina," Gati akasema.

"Sauti, mama. Watu wasikie."

"Sina mwana."

Safari hii hakucheka mtu. Ryoba aliinuka akajifuta vumbi.

Alasiri ile ile Nyangi alifunga mkeka na sufuria ahamie kwa Ryoba. Tomaso alidhani wanakwenda matembezi, akampungia bibi yake mkono. Ryoba alikuja na kamba akamfunga mtamba wa mwisho. "Huyu ni wa nyumba ya Nyangi," alisema, "na nyumba imehama."

Hezekia alipita baadaye akielekea Nyarero, akasimama kidogo. Hakuwa mtu mbaya, kwa alivyojiona mwenyewe. "Nimekusaidia, mama," alisema. "Mtu siwezi kumfuta hivi hivi, kwa hiyo nimeandika kwamba Mogesi amekufa. Maiti hadaiwi. Hawatakusumbua tena."

Gati akamshukuru. Karani alipoondoka, Gati akachukua kiwembe, akaenda nacho kwa jirani yake Agustina.

"Ninyoe."

"Kuna msiba?" Agustina akashtuka. "Nani amekufa?"

"Mogesi."

Agustina alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akaona Gati amekwisha keti chini, amevua kitambaa, shingo ameinamisha. Akakinoa kiwembe kwenye kiganja, akaanza kunyoa, huku kicheko kikimtoka bado, hadi kiwembe kikamkata Gati.