Kipaza Sauti cha Bi Somoe

Nakiri mwenyewe, maana hapa kwetu Tingi watu wote wameshajua. Kwenye maulidi yetu nilidhamiria kila mwimbaji wa kaswida arekodiwe peke yake, ili nikazirekebishe sauti moja moja nyumbani. Kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nikatoa waya wa kila kipaza hadi kwenye kiboksi kinachopeleka sauti kwenye kompyuta. Ziligoma. Nikazichomoa, nikachomeka upya, mpaka zikakubali.

Wakati wa pilau nikashusha sauti zote kwenye miksa. Spika zikanyamaza, nikajua nimefunga kila kitu. Kumbe waya zangu zilikuwa zinachukua sauti kabla haijafika pale ninapoishushia, na kompyuta inaendelea kurekodi. Nikakaa kula karibu na kipaza cha Bi Somoe, mwimbaji wetu mkuu, napiga soga na rafiki yangu.

Juzi, kabla sijaanza kuzirekebisha, waimbaji walikuja nyumbani kusikiliza. Kwa mbwembwe nikafungua sauti ya Bi Somoe peke yake. Kaswida ikaisha, mimi bado natamba, mara nikaisikia sauti yangu mwenyewe, mdomo umejaa wali: "Huyu mama anaimba kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Sauti yake nitaifuta."

Bi Somoe akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, hebu rudisha nyuma. Hapo pa mbuzi sikusikia vizuri."