Nilimlisha Jjajja Maneno, Mti Ukaanguka

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliacha shule darasa la saba na kalamu bado inanisumbua. Barua hii naiandika tangu juzi. Mkikuta r imekaa mahali pa l, songeni mbele tu. Kosa langu lenyewe ni kubwa kuliko hayo. Nilidanganya watu kwa jina la mzee ambaye hajanikosea chochote, na mama mmoja akapoteza kivuli na wateja.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikikuta watu wawili dukani, nasubiri nje. Lakini nipe giza na maikrofoni, wee! Nafanya kazi kwenye kibanda cha video hapa Wandegeya, Kampala. Mimi ndiye vijei, yule anayekaa nyuma kabisa akitafsiri filamu huku inakwenda. Wateja wetu wengine ni jamaa za polisi kutoka kaskazini, wengine ni Wakongo wa biashara, wengine Waganda, kwa hiyo natafsiri kwa Kiswahili. Hakuna anayeniona uso. Raha iliyoje!

Mwenye kibanda ni Hajati. Jumapili mchana hataki filamu za kupigana, maana watoto wanajaa. Anaweka za mzee mmoja Mzungu, mtangazaji wa wanyama, ambaye sisi tunamwita Jjajja, yaani babu. Katika filamu zake za zamani, zile zisizo na rangi, Jjajja ana nywele nyeusi na anapanda milima mbio. Katika za karibuni nywele zimekuwa nyeupe, amekaa juu ya jiwe, anapumzika katikati ya maneno. Maisha yake yote amefanya kazi hiyo moja: kunong'ona karibu na mnyama, kisha kutuomba tusimmalize. Anaongea polepole, ndiyo maana hata Kiingereza changu kinamfikia.

Na watu walimsikia, jamani! Watoto waliopiga ndege kwa manati waliziacha. Kijana wa chapati hapo jirani aliacha kutupa kaveera, hii mifuko ya plastiki, kwenye mtaro. Ukimuuliza anakwambia Jjajja ataona.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Jumapili moja filamu ilikuwa ya ndege wanaokula mizoga. Akatokea kaloli, korongo wetu huyu mwenye upara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya takataka za Kampala kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Watu walishangilia kumwona ndege wa kwetu kwenye filamu. Nami nikataka wacheke zaidi. Jjajja alikuwa anaeleza kitu kirefu kuhusu usafi. Mimi nikasema: "Jjajja anasema huyu ndege ananusa ugonjwa. Akijenga kiota juu yako, chakula chako kisiguswe."

Kicheko kilikuja, lakini kifupi. Halafu nikasikia mtu akisema chini chini, "Kwa Mama Akello."

Mungu wangu! Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Mama Akello ni mke wa polisi. Alikuwa anapika chini ya mti mkubwa nyuma ya kibanda chetu, maharage na samaki, na kaloli walikuwa na viota juu ya mti huo tangu sijazaliwa. Mimi mwenyewe nilikula pale. Nikishindwa kuagiza kwa aibu, alijua ninachotaka akanipakulia.

Wiki ile sufuria zake zilirudi nyumbani zimejaa. Wateja walipita upande wa pili wa barabara. Alipowauliza, wakamjibu kwa heshima kabisa kwamba si wao, ni Jjajja. Nani atabishana na Jjajja?

Jumapili iliyofuata nilijaribu kurekebisha. Nikaomba filamu ile ile, na kaloli alipotokea nikasema Jjajja hakusema vile, nilitunga mimi. Wakacheka mpaka benchi likapinduka! Walidhani ni utani mpya. Uongo waliuamini kwa sababu ulikuwa wa Jjajja, ukweli wakaucheka kwa sababu ulikuwa wangu.

Kabla ya Jumapili nyingine majirani wakaleta mtu wa msumeno awaondolee hao ndege wa ugonjwa. Mti ulianguka asubuhi na viota vyake vyote. Kaloli walizunguka angani mpaka jioni, hawajui pa kutua. Nilijificha nyuma ya ukuta nikalia kama mtoto.

Hajati alinikuta pale. Hakunifariji. Alisema gizani mdomo wangu ni hodari sana, sasa nikautumie juani.

Nikaenda. Mama Akello alikuwa chini ya mwavuli uliotoboka, jua limemkalia usoni. Nikamwambia yote huku naangalia sufuria. Aligeuza samaki, kisha akauliza, "Na huyo babu yako, alisema nini hasa?"

Nikamwambia: alisema ndege huyu anakula uchafu wetu na kutusafishia, na wakizidi mjini basi lawama ni yetu sisi tunaotupa.

"Basi simama hapa uwaambie hivyo hao wanaopita. Bila maikrofoni."

"Mama, naona aibu."

"Hata mimi niliona aibu kumwaga maharage, mwanangu."

Nikasimama. Siku ya kwanza sauti haikutoka, nilikohoa tu. Sasa inatoka. Kila mchana nasema mbele ya watu, jasho linanitiririka, na wateja wameanza kurudi mmoja mmoja. Wengine wanakuja kuniangalia tu. Afande mmoja alinizunguka akasema, "Kumbe vijei ni wewe? Mimi nilidhani una ndevu." Lakini alikaa akala.

Kaloli hawajarudi.

Wenzangu mnaosemea wengine, kwenye kibanda, redioni au kwenye simu zenu, jihadharini! Mtu aliyesema ukweli mpaka nywele zikawa nyeupe, watu wanameza anachosema bila kutafuna. Ukimlisha uongo, wataumeza nao, na huwezi kuwatapisha.

Nimepanda mche wa mvule pale pale kwenye kisiki. Hajati ameutazama akaniuliza kama nataka kivuli cha wajukuu wangu. Mama Akello bado yuko juani. Kwa hiyo wasomaji, tafadhali niandikieni kupitia gazeti hili: mti gani unakua haraka, na kaloli wanaukubali? Andikeni kwa maandishi makubwa, nasoma polepole.