Jozi Ishirini na Tatu Mlangoni

Mtunza vifaa wa timu walimwita Kufuli, na jina halikumchukiza. Alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa soda iliyokwisha kufunguliwa, hainywi. Timu ikifika hotelini, wenzake huulizia chakula. Yeye huulizia chumba cha vifaa kina funguo ngapi, na hizo nyingine ziko kwa nani. Siku moja refa alimwamkia kwa furaha, naye akashinda kutwa akijiuliza salamu ile ilikuwa na maana gani.

Usimcheke upesi. Miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa bado mgeni kazini, aliiacha mifuko ya timu dakika kumi tu, ugenini, akaangalie daraja ambalo watu walikuwa wakilisifia. Mlinzi wa uwanja alimwambia, "Nenda tu, hapa vitu havipotei." Aliporudi, mfuko wa viatu haukuwepo. Timu ilicheza na viatu vya kuazima, winga vya kwake vikimpwaya, wakala mabao manne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Kufuli hakuondoka tena penye vifaa. Alizunguka na timu miji hamsini na zaidi, na yote akaijua kwa vyumba vya kubadilishia nguo.

Hilo ndilo lililomsikitisha mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemshonea ile siri yake ya kazi: ndani ya ulimi wa kila kiatu cha timu, uzi wenye mafundo. Kipa fundo moja, mabeki mawili, viungo matatu, washambuliaji manne, makocha na daktari uzi mtupu. Kiatu kikiibwa na kuuzwa mwisho wa dunia, Kufuli angekitambua. Lakini kila aliporudi safari na mkewe akamwuliza, "Mji ulikuwaje?", yeye alijibu kwamba bomba la pili lilikuwa halitoi maji na kitasa cha mlango kilikuwa kibovu.

Zamani mkewe alicheka. Mwaka huu hakucheka, maana alikuwa ametoka kwa daktari. Presha ya macho. Mwanga uliobaki, daktari alisema, ni wa kuhesabu miezi.

Basi timu ilipoalikwa mechi ya kirafiki katika ule mji mtakatifu wa kale, ambao wote wawili waliusikia tangu utotoni, mke alimkunjia mashati yake, akamkalisha kitandani.

"Baba watoto, sitaki zawadi. Wakienda kutembezwa kwenye lile hekalu kubwa, ingia nao. Uangalie vizuri, uje unisimulie. Nataka nilione kwa macho yako, maana mimi mwenyewe sitaliona."

"Nitaingia," alisema Kufuli. Alimaanisha.

Siku ya matembezi basi liliachwa nje ya ukuta, kwa kuwa magari hayaingii mji wa kale. Watu ishirini na watatu waliteremka. Kufuli aliwahesabu mlangoni mwa basi. Wote walikuwa na raba nyeupe mpya za klabu, zote zikifanana, na hilo tangu mwanzo halikumpendeza. Walipita vichochoro vya mawe, mwongozaji mbele na mwavuli wake, wachezaji wakipiga picha kila mlango. Kufuli alikuwa wa mwisho. Kwa nini mwongozaji alikata kulia mara tatu? Na yule muuza kadi, mbona katabasamu mara mbili na hakuna aliyenunua?

Mbele ya hekalu palikuwa na ngazi pana, na sheria ilikuwa moja: viatu vibaki nje. Bawabu alisema watu hawaruhusiwi kuingia baada ya saa tano na nusu. Ilikuwa bado dakika ishirini. Wachezaji wakavua, makocha wakavua, wakaingia na soksi zao za buluu wakicheka na kusukumana. Raba nyeupe zikabaki juu ya ngazi, chini ya ulinzi wa mama mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda.

"Ingia na wewe, baba," alisema yule mama. "Hapa viatu havipotei."

Kufuli akamkumbuka yule mlinzi wa uwanja. Maneno yale yale. Akasema ataingia sasa hivi, akabaki amesimama, mikono nyuma, anaangalia.

Na akaona. Yule mama aliinuka, akachukua jozi mbili, akapotea nazo nyuma ya ukuta. Akarudi mikono mitupu. Akachukua nyingine mbili. Alikuwa hana haraka wala hajifichi, na hilo ndilo lililomtisha Kufuli zaidi, kwani mwizi mzoefu hana haraka. Akamwacha abebe zote, kusudi amkamate na ushahidi. Kisha akazunguka ukuta, akazikuta zimepangwa kivulini. Akainama, akakagua uzi mmoja mmoja, akahesabu. Ishirini na mbili. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Ishirini na mbili.

"Mama, jozi moja iko wapi?"

"Jozi gani?"

"Tumekuja watu ishirini na watatu. Viatu hapa ni jozi ishirini na mbili. Mimi nimekuona tangu mwanzo, usinizungushe. Fungua hicho kikapu."

Mama alifungua kikapu. Mlikuwa na chupa ya maji na kitambaa. Kufuli akaomba aone chini ya kigoda. Akaona, hapakuwa na kitu. Watu waliokuwa wakipita wakaanza kusimama. Yule mama hakugomba. Alimtazama usoni, akashusha macho taratibu mpaka chini.

"Hiyo hapo," alisema.

Kufuli naye akatazama chini. Jozi ya ishirini na tatu ilikuwa miguuni mwake, na kamba zake zimefungwa vizuri.

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Yule mama peke yake hakucheka. Alimweleza, kama anavyoelezwa mtu mgonjwa, kwamba jua likilipiga lile jiwe gundi ya soli huachia, ndiyo maana huvihamishia viatu kivulini, na kila jozi huigeuza itazame nje ili mwenyewe akitoka avae tu aende zake. Kufuli aliomba radhi mara tatu. Akavua viatu vyake upesi, akakimbilia mlangoni.

Bawabu alikuwa ameshavuta mnyororo.

"Wanaotoka watatoka. Kuingia ni kesho."

"Kesho tunasafiri. Niruhusu dakika moja tu. Mke wangu..."

"Kila mtu ana mke, mzee."

Kufuli alimsihi sana, lakini bawabu yule naye alikuwa Kufuli wa mlango wake. Wachezaji walipotoka walimkuta amekaa kwenye ngazi, viatu mapajani. Walidhani anavifuta vumbi.

Kwenye basi alikaa na nahodha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamhoji njia nzima. Nahodha akamwambia habari za dari lililochorwa nyota, kisima kilicho katikati ya sakafu, na nguzo iliyobonyea kwa kuguswa na viganja vya watu miaka na miaka. Kufuli alivikariri vyote.

Na alipofika nyumbani akavisimulia. Alisimulia vizuri mno. Mkewe alikaa mikono mapajani, ameinua uso, na aliposikia habari za ile nguzo akanyoosha kiganja hewani. Kufuli alitazama pembeni.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake asubuhi walikaa uani kufua vifaa vya timu, kama desturi yao, yeye kwenye jezi, mkewe kwenye soksi. Mkewe alichukua soksi moja ya buluu, akainusa. Akachukua nyingine. Akazipitia zote, akaibakisha mkononi jozi moja yenye kiraka kisiginoni, kiraka alichokishona mwenyewe.

"Mle ndani wanawasha taa za mafuta?"

"Taa? Ndiyo. Nyingi."

"Hukuniambia habari za taa. Soksi za wenzako zote zimelowa mafuta chini. Za kwako ni safi."

"Labda mimi nilipita pakavu."

"Baba watoto."

Kufuli akamweleza yote, mpaka kikapu, mpaka kigoda, mpaka watu walivyocheka. Mkewe alikamua soksi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Imeniuma," alisema. "Kutoingia ningekusamehe, nakujua. Lakini umenipa macho ya nahodha ukaniambia ni ya kwako."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.

"Umesema mwakani mmealikwa tena," mkewe akaendelea. "Nitakwenda nawe. Wewe utaingia, mimi nitakaa pale mlangoni na yule mama, nilinde raba za timu."

"Mwakani utakuwa..." Alishindwa kulimaliza.

"Nitakuwa sioni. Sema tu."

Alitaka kumwambia kwamba asiyeona hawezi kulinda jozi ishirini na tatu zinazofanana. Badala yake akamwuliza, kama anavyomwuliza mlinzi yeyote mpya:

"Ya kipa utaijuaje?"

"Fundo moja. Nani aliyeyashona hayo mafundo?"

"Wewe. Lakini ulikuwa unaona."

Mkewe aliitundika ile jozi yenye kiraka kwenye kamba, akaipapasa kutafuta kibanio.

"Ya mwaka huu niliyashona kwa vidole tu, yote, nimekaa mbele yako mezani," alisema. "Hukugundua."