Medali Ambayo Krstivoje Hakuwahi Kuigeuza

Krstivoje Lukić wa Valjevo, mji wa Serbia, alitengeneza meno ya bandia maisha yake yote, na hakuna kitu alichokichukia kama kitu cha bandia. Mji mzima uliuona utani huo isipokuwa yeye. Nusu ya majirani walikuwa wakitafuna nyama kwa meno aliyoyamwaga yeye mwenyewe kwenye kalibu. Lakini akikutana na medali ya vita ambayo nayo imemwagwa kwenye kalibu, alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole chenye jipu.

Alipostaafu alizama kwenye medali mzima mzima. Kila Jumapili asubuhi utamkuta kwenye mgahawa wa sokoni, kahawa upande huu, lenzi imebanwa jichoni, na foleni ya watu waliokuja na urithi wao umefungwa kwenye leso. Kwetu hakuna nyumba isiyo na babu shujaa, na babu shujaa sharti awe na kipande cha chuma cha kumtolea ushahidi. Krstivoje alikigeuza kipande hicho, akapitisha ukucha kwenye ukingo, akatazama utepe ulivyokunjwa pembetatu, kisha akatoa hukumu. Ikiwa ni halisi alisema "halisi" basi, kwa shingo upande. Ikiwa ni ya kuiga, hapo ndipo alipochangamka.

"Unaviona hivi vishimo?" angesema, tena kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho. "Hii haikugongwa kwa chapa ya chuma. Imemwagwa. Madini yakiyeyushwa yanatoa mapovu, na mapovu yanaacha vishimo. Mimi nimemwaga meno miaka yote, hunidanganyi. Babu yako hakupewa hii na mfalme, ndugu yangu. Kapewa na fundi."

Mtu alikuja mjukuu wa shujaa, akaondoka mjukuu wa nani sijui. Na Krstivoje aliagiza kahawa nyingine.

Siku aliyoletewa Nyota ya Karađorđe yenye panga, ile waliyopewa wapiganaji wa mstari wa mbele, aliyeileta alikuwa Darinka, mjane mwenye ulimi mkali anayeuza jibini sokoni. Alikuwa ameisugua kwa majivu hadi ikameremeta.

"Mama Darinka," alisema Krstivoje, lenzi ikiwa bado jichoni, "hii ni ya kuiga."

"Hilo nalijua, mwanangu. Ya kwanza babu aliitoa kwa kipande cha mkate wa mahindi, jeshi letu lilipokuwa linakimbia kupitia milima ya Albania, vita ile ya kwanza ya dunia. Njaa ilikuwa inawamaliza. Aliporudi akatengenezewa hii, apate cha kuvaa kanisani."

"Wote wanasema hivyo. Kama kila medali iliyoletwa hapa iliuzwa kwa mkate, basi Waalbania walikuwa na waokaji wengi kuliko askari tuliokuwa nao." Mgahawa ukacheka. "Mimi napima chuma, mama. Hadithi za mkate sizipimi."

Darinka aliifunga nyota yake kwenye leso polepole, akamtazama. "Haya, mwanangu. Mkate haupimwi." Akarudi kwenye jibini lake. Angekuwa mtu mwingine angetukana, na Krstivoje angelala salama. Lakini Darinka hakutukana, na hilo lingemtisha mtu yeyote mwenye akili.

Sasa, nyumbani kwa Krstivoje, ukutani kando ya picha takatifu ya Mtakatifu Luka, ilining'inia Medali ya Ushujaa ya Miloš Obilić ya babu yake Sredoje, ya dhahabu, ndani ya fremu ya kioo. Krstivoje alikulia chini yake. Alipoonewa shuleni aliitaja. Alipokwenda kuposa aliitaja kabla hajataja kazi yake. Na mtu huyu, aliyegeuza medali za mji mzima, hii hakuwahi kuigeuza hata siku moja.

"Kwani inakuuma?" mkewe Milunka alikuwa akimchokoza kila anapofuta vumbi. "Si uitoe uitazame, bwana mkubwa wa vishimo?"

"Baba ndiye aliyeifunga. Kitu alichokifunga baba hakifunguliwi."

"Ya wenzio mbona unafungua?"

"Milunka, futa vumbi."

Alijiambia kuwa hiyo ni heshima. Mimi naiita woga, na nadhani hata yeye, akiwa peke yake, aliita hivyo hivyo. Kama babu Sredoje hakuwa shujaa, basi Krstivoje alikuwa mzee mwenye lenzi tu, anayejua kuudhi watu.

Ikafika siku ya Mtakatifu Luka, slava ya ukoo wa Lukić. Na slava haina mwaliko. Siku ya mtakatifu wa ukoo mlango unakuwa wazi, anayekuja amekuja, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumfukuza mgeni wa slava akabaki na uso wa kutembelea. Yeye mwenyewe haketi. Anazunguka kwa miguu na chupa ya pombe kali ya matunda ya plamu, anamimina, anashukuru, anamimina tena. Ukitaka kumpata mtu pasipo na pa kukimbilia, mpate siku ya slava yake.

Mchana Darinka akaingia. Nyuma yake akaingia Tihomir muuza mbegu, ambaye medali ya babu yake iliitwa bati mbele ya wateja wake. Nyuma ya Tihomir wakaingia wengine, na wengine tena, foleni nzima ya Jumapili imevaa nguo za kanisani. Wakajifanyia ishara ya msalaba, wakala ngano ya kuchemsha kijiko kimoja kimoja kama ilivyo desturi, wakaketi. Krstivoje alianza kutoka jasho akiwa bado kwenye glasi za kwanza.

"Hongera kwa slava, mwenyeji wetu," alisema Tihomir akijikatia nyama ya nguruwe. "Mungu akupe afya na macho makali."

"Hasa macho," alisema mwingine.

Walikula kwa adabu ya kutisha. Walisifu supu, walisifu nyama, walimsifu Milunka mpaka akaona haya. Kisha Darinka akapangusa mdomo, akainua glasi.

"Tunywe kwa ajili ya babu Sredoje! Lakini tutamnyweaje shujaa huku medali yake imefungiwa kama kuku? Ishushe, mwanangu, tuibusu."

"Ni ya siku nyingi, mama, kamba itakatika..."

"Unamnyima mgeni wa slava?"

Akashusha fremu. Milunka akamsaidia kuondoa misumari midogo ya nyuma. Medali ikatua kiganjani mwake, na hapo ndipo mazoea yalipomponza. Mkono wenyewe ukaenda mfukoni kwenye lenzi. Ukucha wenyewe ukapita kwenye ukingo. Na mdomo, uliokwisha kuzoea kusema kabla ya kuulizwa, ukasema:

"Imemwagwa."

Milunka, akirudi kutoka jikoni, alisimama mlangoni na sahani ya keki. Hakuna mwingine mle ndani ambaye angeweza kutofautisha kishimo na kovu. Angesema "halisi" wangeamini, wangekula, wangekwenda zao. Krstivoje alilijua hilo sekunde moja baada ya kusema, na uso ukamshuka.

"Lakini sikilizeni," alisema haraka. "Hiyo haina maana kwamba hakupewa. Watu walizipoteza zile za kwanza. Kule milimani, theluji imewafika kiunoni, mtu alikuwa akitoa medali kwa kipande cha mkate wa..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Darinka aliweka uma chini taratibu. "Endelea, mwanangu. Mkate wa nini?"

"Wa mahindi."

"Enhe. Halafu?"

Krstivoje alitazama medali kiganjani. Alimkumbuka babu Sredoje akiinuka mezani, kila siku ya Mungu, na kutia kipande cha mkate mfukoni huku bibi akimgombeza kwa makombo. Alikuwa mtoto wakati huo, na yeye alicheka pamoja na wengine.

"Babu yangu hakuwa mwongo," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote aliowahi kuwacheka.

"Nani kasema alikuwa mwongo?" Darinka aliuliza kwa upole. "Mimi? Mimi nauza jibini. Na babu yangu je?"

"Hakuwa mwongo, Mama Darinka. Nisamehe. Nilipima chuma nikadhani nimempima mtu."

"Wa kwangu?" alidakia Tihomir, mdomo umejaa.

"Wala wa kwako."

"Sema kwa sauti, ile ya mgahawani!"

"Wala wa kwako!" Na ikabidi azunguke kutoka mlangoni hadi dirishani, mgeni kwa mgeni, chupa mkono mmoja, na kwa kila babu alimimina glasi na kusema yale yale. Wengine walimrudisha aseme mara ya pili, wakidai masikio yao ni mabovu. Milunka alicheka hadi akaketi juu ya makoti.

Mwishoni mwa meza alibaki Obrad, jirani wa nyumba ya pili, mtu mkimya ambaye hakuwahi kuthubutu kupanga foleni Jumapili. Alitoa kitu kwenye kisanduku cha kiberiti, akakisukuma mbele.

"Na hii ya babu yangu?"

Krstivoje alifuta macho, akabana lenzi. Aligeuza mara moja, akageuza tena. Ukingo mkali, herufi safi, hakuna kishimo hata kimoja.

"Obrad," alisema, "hii ni ya maonyesho ya mifugo. Babu yako alikuwa na nguruwe bora wa wilaya."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Obrad alingoja wamalize.

"Lakini ni halisi?"

"Halisi kabisa."

Obrad aliwatazama wote, mmoja mmoja, mashujaa wa mkate wa mahindi na wajukuu wao. Kisha akaibandika medali ya nguruwe kifuani, akasogeza glasi yake ijazwe kwanza.