Posho ya Baridi

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, nimeketi benchi la mbele kanisani, na gauni langu la harusi limekwisha kushonwa, linaningoja nyumbani kwenye sanduku la mama. Ilikuwa imebaki wiki moja niolewe na Shija. Nilikuwa na furaha hadi nikawa nasahau kutia chumvi kwenye mboga, na baba alikula hivyo hivyo.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa ng'ambo ya Mwanza mjini, si mbali na Kamanga. Shamba la pamba lilikuwa letu sote, na mtumbwi mkubwa wa kuvulia ulikuwa wetu sote. Shija alikuwa mmoja wa vijana waliovua nao. Asubuhi samaki walimwagwa mchangani wakagawanywa mafungu, kila kaya fungu lake. Kisha mzee mmoja aliyapa mafungu mgongo, akatazama ziwa. Mwenzake alinyoosha fimbo juu ya fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule asiyeona akataja kaya yoyote iliyomjia. Hivyo hakuna aliyependelewa. Tulijivunia sana utaratibu huo, hata wageni wa wilayani wakija tuliwapeleka ufukweni wakauone.

Ila ikafika wakati mafungu yakawa furu watupu, wale wadogo wenye miiba mingi. Sato wakubwa hawakuonekana tena. Vijana walisema sato wamehamia maji ya mbali. Kumbe waliwaficha chini ya nyavu kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Na wala hawakusema kwamba wanaiba. Walisema wanachukua "posho ya baridi", maana si ndio waliopigwa na upepo usiku kucha? Jina lilikuwa tamu, nao walilitaja wakicheka, na hakuna aliyejiona mwizi.

Sasa kanisani kwetu kulikuwa na desturi. Kijana anayekaribia kuoa alisimama mbele ya waumini akatengeneza mambo yake, yaani akatubu hadharani, ili aanze ndoa akiwa safi. Jumapili hiyo Shija akasimama, shati limepigwa pasi ya mkaa, uso unang'aa mafuta. Mimi nilimwona mzuri kuliko watu wote waliokuwamo.

"Bwana asifiwe," akasema. Tukaitikia amina. "Wapendwa, kulitokea mapungufu kidogo katika ugawaji wa samaki. Baadhi yetu tulipitiwa. Naomba tusameheane."

Mwinjilisti alikwisha kufungua kitabu cha nyimbo. Nikashusha pumzi. Ndipo Bibi Nyanzala akainua mkono. Alikuwa mjane anayelea wajukuu, na lile fungu la ufukweni ndilo lililokuwa kitoweo chao.

"Mwanangu Shija," akasema kwa upole, "kichwa changu kizito siku hizi. Umeniomba nisamehe, na mimi nataka kusamehe. Lakini huyo aliyepitiwa ni nani? Na alifanya nini? Niambie kama unavyomwambia mama yako jikoni."

Wavuvi wenzake wakatazama vidole vyao vya miguu. Mimi roho ilikuwa mkononi, mwanangu. Akisema wazi, kamati ya kijiji ingemtoa kwenye mtumbwi, na wazee wa kanisa wangeahirisha harusi. Akiendelea kuzungukazunguka, ningeolewa na mtu ambaye sitajua lini ananiambia kweli. Nikamwomba Mungu Shija aseme. Kisha nikaomba asiseme.

Shija akamgeukia. "Bibi, niliiba. Nilificha sato chini ya nyavu. Nilikuibia wewe na wajukuu wako, halafu nikaita posho."

Bibi Nyanzala akacheka. Si kicheko cha dhihaka, ni cha mtu aliyetua mzigo. "Haya, sasa nimekuelewa. Wizi naweza kuusamehe, Yesu alinifundisha. Hayo mapungufu sijui yanasamehewaje." Akainuka, akamfuata pale mbele, akamkumbatia, akapiga kigelegele ambacho hadi leo nakisikia. Mvuvi mwingine akasimama: "Na mimi niliiba." Kisha mwingine. Tuliimba hadi jua likapinduka, na maharage yakaungua karibu kila nyumba kijijini.

Harusi iliahirishwa kweli. Gauni likarudi sandukuni nikalia, sikufichi. Shija alitolewa kwenye mtumbwi, akapangiwa kulima shamba la Bibi Nyanzala hadi mavuno. Lakini siku tulipooana, bibi yule alikuja na sato mkubwa kutoka fungu lake mwenyewe, akamkabidhi Shija mbele ya watu wote. "Huyu nimekupa," akasema. "Mle, wala usimtafutie jina."

Huyo Shija ndiye mzee unayemwona pale barazani. Daktari amemkataza sukari, naye bado anaingia jikoni kisirisiri. Lakini baadaye huja mwenyewe: "Mama, nimeiba sukari." Namsamehe, nacheka, halafu nahamisha kopo.

Siku hizi nasikia mtu amemdanganya mkewe, anasema ndoa yake ina changamoto. Amekula rushwa, anasema ni chai tu. Mwanangu, ukipiga magoti liite kosa lako kwa jina lake. Mungu analijua tayari, wewe ndiye unayehitaji kulisikia likitoka mdomoni mwako. Kristo hakufa kwa ajili ya changamoto. Alikufa kwa ajili ya wezi na waongo, na humo ndimo tulimo wewe na mimi. Wala usikimbilie kutaja la jirani. Bibi Nyanzala alijua siku nyingi nani anakula sato wake, lakini alimngoja mwenyewe aseme.

Bwana akunyooshee ulimi, akupe mwenzi wa kuambiana naye kweli. Na siku utakaposimama ukasema "niliiba" bila kuzunguka, akuwekee karibu bibi mmoja wa kukupigia kigelegele.