Karatasi ya Mjomba

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha uzeeni na kumbukumbu zangu zikiwa nzima.

Juzi, hapa Karatu, mjukuu wangu anayesomea uuguzi alijipangusa pua kwa karatasi laini, ikabaki na doa la mafuta. Papo hapo nikanusa samli ya nyumbani kwetu Daa.

Siku moja nilipokuwa msichana, samli ilikuwa imepungua kibuyuni. Mjomba, aliyejiona ana akili kuliko ukoo mzima, akachana karatasi ya daftari na kutubandika vipande kwenye paji la uso, sisi watoto wanne, juani, eti aliyekula samli atatoka mafuta usoni. Changu kililowa mafuta.

"Mwizi huyu hapa! Na Jumapili anataka kipaimara!"

"Sijala, mjomba."

"Uso wako unasema, wewe unabisha?"

Mama akalikunja gauni langu jeupe la kipaimara, akalirudisha sandukuni. Nami nikamwamini yule mtu. Nilidhani nimekula samli usingizini, nikatubu kwa machozi.

Nilipomsimulia hayo, mjukuu wangu alicheka. "Bibi, kwenye mashina ya vinyweleo kuna vifuko vidogo. Seli zake hutengeneza mafuta na kuyahifadhi, zikijaa hupasuka na kuyamwaga juu ya ngozi. Ulikuwa unakua tu."

Basi hiyo ndiyo akili ya mjomba! Kipara chake mwenyewe kiling'aa siku ile kama sufuria mpya, na hakukibandika karatasi. Nimemsamehe, kwa kuwa Bwana ameagiza. Kumheshimu hakuniagiza.

Mungu akubariki unayesoma, akujalie kutazama uso wa mtoto bila kumtafuta mwizi.